Tangi la Nta, Klaksvík

Saa nane za usiku feni zinakohoa.
Ndivyo tunavyojua, mimi na Hanus,
kwamba sakitu imeshaota ndevu
katikati ya mapezi ya aluminiamu,
na tani mia mbili za chewa, kwenye katoni zao,
zimeanza kupulizwa hewa iliyochoka.

Zamani hapa palikuwa na nyundo ya mti.
Bado inaning'inia kwenye msumari
kando ya kalenda ya mwaka mwingine.
Hanus aligonga barafu miaka kumi na mitatu
mpaka vidole viwili vikasahau kuhisi.
Akavipa majina: hiki Jumatatu, hiki Jumanne,
siku ambazo hakumbuki alizitumiaje.

Kisha zikaja hita.
Nyaya zikaiva kama uso wa mtu
aliyetukanwa mbele ya wakwe,
zikapasha mabomba, zikapasha kuta, zikapasha dari,
zikapasha samaki wasio na kosa lolote,
na mita pale mlangoni ikazunguka
kama mbwa anayefukuza mkia wake.
Sunnvá wa ofisini alileta bili
akiishika kwa ncha za kucha.
"Tunalipa ili tugandishe," alisema,
"halafu tunalipa tuyeyushe tulichokigandisha.
Nani katuroga?"

Hanus hakujibu. Alitoka,
akasimama nyuma ya jengo, mvua ikija mshazari,
pale kondensa inapotemea joto bure.
Kondoo wa jirani walikuwa wamelala hapo, saba,
manyoya yao yakifuka mvuke.
Alirudi anacheka peke yake.
"Wale," alisema, "wametutangulia kujua."

Joto lile si la jua, wala si la makaa.
Ni la samaki:
limechotwa tone kwa tone kutoka nyamani mwao,
limebanwa na kompresa, limesukumwa nje
kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Bomba likapindishwa. Tangi likachomelewa,
likajazwa nta, likavishwa koti la sufi ya mawe.
Mchana kutwa gesi ya moto hupita tumboni mwake,
na nta hulegea, huwa maji mazito,
hushika ilichopewa, haisemi.

Akiba haiozi, husema watu.
Waliotunga neno hilo
hawakufanya kazi ghala la samaki.
Sisi tunalitamka polepole.

Basi, saa nane.
Nazima feni. Hanus anafungua vali,
mizunguko mitatu na nusu;
ile nusu ndiyo siri yake.
Nta inalipa deni:
joto linaingia bombani, kwa ndani,
halipashi chumba, halisumbui mtu,
linakwenda moja kwa moja
pale barafu ilipokamata chuma,
na kulegeza ule mshiko tu.

Kimya kwanza.
Kisha ti. Kisha ti, ti.
Kisha bamba zima linateleza,
jeupe, lina mistari ya mapezi mgongoni
kama mifupa ya samaki ambaye hakuwahi kuishi,
linaanguka kwenye sinia, linakuwa maji, linakwenda zake.
Dakika nane. Hita zilikula arobaini.
Kipimajoto ukutani hakijashtuka.

Dawa ya moto ni moto.
Na dawa ya baridi, kumbe, ni baridi ile ile
ukiigeuza ukaitazama mgongo.

Sisemi kila usiku ni harusi.
Februari vali ilikwama
tukaishusha tena nyundo, tukagonga mpaka alfajiri.
Na kondoo wamehama: ukuta wao umepoa.
Mwenye nao alikuja kulalamika,
Sunnvá akamtuliza kwa katoni ya chewa.

Kabla ya kwenda nyumbani Hanus huvua glavu,
akaviegemeza vile vidole viwili kwenye tangi,
pale koti la sufi lilipochanika.
Leo nilimuuliza, Unahisi?
Akangoja. Mvua ilikuwa juu ya bati.
"Jumanne," alisema.
"Jumatatu bado."